Shauri la Mgongo wa Atija Sumail

KAMATI YA UCHUKUZI NA AFYA, GHALA LA KUSINI YA ROVUMA, UPANDE WA QUIONGA

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Alhamisi, tarehe 15 Julai 1971, katika banda la shule. Jina la kijiji halikuandikwa kwa sababu ya usalama.

WALIOHUDHURIA
1. Ndugu Zacarias Nkunda, Mwenyekiti
2. Ndugu Gaspar Mwikumbi, Mkuu wa Uchukuzi
3. Ndugu Sebastião Nantimbo, enfermeiro (muuguzi) wa kituo
4. Ndugu Assane Bacar, mjumbe wa watu wa pwani na nahodha wa mtumbwi wa mtoni
5. Ndugu Josefina Lipande, mwalimu wa kisomo, Katibu

AMBAYE HAKUHUDHURIA
Ndugu Abibo Cheia, mjumbe. Tangu mabomu ya mwezi wa Juni haijulikani aliko.

WALIOITWA
Atija Sumail, mchukuzi, aliyeletwa juu ya kitanda cha kamba. Benvinda, mchukuzi, mke wa Ndugu Gaspar.

KUMB. NA. 1/15-7/71: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu na nusu asubuhi. Alieleza kwamba kulikuwa na mambo mawili tu: shauri la Atija, na msafara wa Jumamosi tarehe 17, ambao mizigo yake thelathini tayari imo ghalani. Alisoma barua ya wapiganaji kutoka mbele. Ilikuwa na mistari mitatu na ilisema kwamba risasi zilizobaki huko ni za siku tisa.

KUMB. NA. 2/15-7/71: SHITAKA

Ndugu Gaspar alieleza kwamba Jumamosi tarehe 10, msafara wa wanawake thelathini na mmoja ulipumzika kwenye kijito cha pili. Alipotoa amri ya kuondoka, Atija alilitupa sanduku lake la risasi, kilo ishirini na mbili, likaingia majini. Lilipotolewa maji yalikwisha kupenya. Baada ya hapo Atija alijilaza chini na kukataa kuinuka, na ilibidi wenzake wambebe mpaka hapa, wakaacha masanduku mengine mawili porini chini ya majani.

Mwenyekiti alimuuliza kama alimwona kwa macho akilitupa. Ndugu Gaspar alijibu kwamba alikuwa mbele, lakini hakuhitaji kuona kila kitu ili ajue. Alitaja mambo matatu. La kwanza, mwezi wa Mei Atija aliomba mzigo mwepesi, akanyimwa. La pili, Atija ni mnene usoni kuliko mchukuzi mwingine yeyote, wakati wote wanakula muhogo uleule. La tatu, shemeji yake alijisalimisha kwa Wareno huko Palma mwezi wa Februari.

Ndugu Assane alisema kwamba hilo la tatu lingetajwa la kwanza, maana ndilo lililowaleta wote hapa. Alisema watu wa pwani wamechoka kupimwa kwa mashemeji zao.

Ndugu Gaspar alisema kwamba yeye hakutaja pwani wala bara. Alitaja sanduku.

Mwenyekiti aliwataka wote wawili wakae. Alikumbusha kwamba shitaka la hujuma likithibitika, mhusika hupelekwa kwa watu wa usalama, na mambo ya huko kamati hii haiyafuatilii tena.

Katibu aliomba iandikwe kwamba ombi la Atija la mwezi wa Mei lililetwa kwake yeye Katibu. Hakuliweka kwenye ajenda, kwa kuwa aliliona kuwa ni uvivu.

KUMB. NA. 3/15-7/71: MAELEZO YA ATIJA

Atija alisogezwa mlangoni apate hewa. Alisema ana umri wa miaka arobaini na moja, amezaliwa Quionga, na anabeba tangu mwaka 1967. Alikwisha kufika ndani kabisa ya nchi mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Ana pumu tangu utotoni.

Alisema mwaka jana alivunjika kifundo cha mkono kwa kujishika alipoteleza jikoni. Mwezi wa Machi alikohoa, ubavu ukalia. Hakumwambia mtu kwa sababu aliona aibu. “Nani anavunjwa na kikohozi?” alisema. Tangu Aprili mgongo ulikuwa ukimuuma usiku na mchana, na kapulana yake ya kujifunga kiunoni, iliyokuwa ikiishia vifundoni, ikaanza kuburuta chini. Alidhani imelegea, akaikunja.

Kuhusu siku ya kijito alisema hivi: “Niliinama nilichukue. Sijalinyanyua bado, nikasikia kitu ndani kinakatika, kama mtu kavunja kijiti. Miguu ikawa si yangu. Sanduku nililisukuma mimi kwa kuanguka, hilo nakubali. Lakini kulitupa, sikulitupa. Ningetaka kulitupa ningelitupa mwaka sitini na saba, lilipokuwa jipya kichwani kwangu.”

Ndugu Gaspar alimuuliza kuhusu shemeji yake. Atija alijibu kwamba shemeji yake alikwenda Palma kwa miguu yake mwenyewe, lakini yeye Atija ameletwa hapa kwa kitanda.

KUMB. NA. 4/15-7/71: USHAHIDI WA BENVINDA

Mwenyekiti alieleza kwamba aliyekuwa nyuma ya Atija kijitoni ni Benvinda, kwa hiyo ataulizwa ingawa ni mke wa mshitaki. Ndugu Gaspar hakupinga. Alisema mke wake atasema alichokiona.

Benvinda alisema aliona. Atija aliinama, akatoa sauti ndogo, akaanguka kwa magoti, na bega lake likagonga sanduku. Mwenyekiti alimuuliza kama ana hakika. Benvinda alisema, “Mzee, sanduku halikuondoka chini. Kitu ambacho hakijaondoka chini kinatupwaje?”

Ndugu Gaspar alimuuliza mbele ya kikao kwa nini hakumwambia hayo nyumbani. Benvinda alijibu, “Hukuniuliza, baba. Ulikuja umekwisha kujua.”

Katibu aliona kwamba Benvinda alipokuwa akisema mikono yake ilitetemeka, na kwamba alijifuta jasho mara tatu ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Ndugu Sebastião naye aliona. Alimwomba anyooshe vidole na ainue kidevu, akamtazama shingoni, akaandika katika daftari lake. Benvinda aliruhusiwa kutoka.

KUMB. NA. 5/15-7/71: MAELEZO YA ENFERMEIRO

Ndugu Sebastião alieleza kwamba alimpima Atija siku nne mfululizo. Pingili za uti wa mgongo, tatu au nne, zimebonyea. Hana mashine ya kupiga picha, lakini mkono unahisi pale mgongo ulipopinda, na kimo chake kimepungua kwa upana wa vidole vinne. Kapulana haikulegea.

Alieleza kwamba mfupa ni kitu kilicho hai. Kila siku hubomolewa kidogo na kujengwa kidogo. Kwa mtu mzima mwenye afya na chakula, kinachobomolewa na kinachojengwa hulingana mpaka uzee unapoanza. Lakini yako maradhi mengine, na dawa za maradhi hayo, yanayozidisha kubomoa au kuzuia kujenga. Hapo mfupa kwa nje huonekana mzima, ndani umebunguliwa kama ubao. Haulii wala hauvimbi. Mwenyewe hajui mpaka siku unapovunjika kwa jambo dogo. Alisema katika hospitali ya ng’ambo ya Rovuma, alikojifunza miaka mitatu, daktari aliuita ugonjwa huo osteoporose, na aliwaambia wanafunzi wasingoje bibi kizee ndipo waufikirie.

Mwenyekiti aliuliza Atija ana maradhi gani yanayofanya hivyo. Ndugu Sebastião alijibu kwamba ni vidonge vya pumu. Atija alianza kumeza vidonge vyeupe mwaka 1966 alipopelekwa ng’ambo akiwa hawezi kupumua. Ni dawa kali na nzuri. Lakini ikimezwa kila siku kwa miaka, hula mfupa. Pia huvimbisha uso ukawa wa duara, na ngozi huwa nyembamba na kuvia damu upesi. “Ndugu Gaspar alisema Atija amenenepa usoni,” alieleza. “Kweli. Ni ile dawa. Mtazameni mikono.”

Mikono ilitazamwa.

Ndugu Assane aliomba kusema. Alisema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akivusha vidonge hivyo kwa mtumbwi, chupa baada ya chupa, miaka mitano. Mara mbili alipigwa risasi akiwa na chupa kifuani. Alisema, “Nilidhani namletea uhai.”

Ndugu Sebastião alisema, “Ulimletea uhai, kaka Assane. Bila vile angekufa mwaka ule ule. Ulimletea na hiki kingine, na hakuna aliyekuambia.” Aliongeza kwamba hata yeye, tangu afike hapa mwaka jana, alimpa vidonge hivyo kwa mkono wake akaona pumzi tu, hakuuliza habari ya mifupa. Aliomba liandikwe.

Atija aliuliza, “Nikiacha?”

Ndugu Sebastião alieleza kwamba hawezi kuacha ghafla. Mwili uliozoea kusaidiwa kwa miaka mitano hausimami wenyewe kwa siku moja. Ingetakiwa kupunguza polepole, kwa miezi, huku akila vizuri, samaki, maziwa, na kupata dawa nyingine ya kifua. Vidonge vilivyobaki ni thelathini na vinne, naye humeza sita kwa siku. Tangu boti za Wareno zianze kukaa mdomoni mwa mto mwezi wa Juni, hakuna dawa iliyovuka. Akimpa, mfupa unazidi kuliwa. Akimnyima, pumzi.

Atija alisema amesikia.

KUMB. NA. 6/15-7/71: UAMUZI JUU YA SHITAKA

Mwenyekiti alimuuliza Ndugu Gaspar kama anaendelea na shitaka. Ndugu Gaspar alisema masanduku matatu hayakufika, na hilo halibadiliki. Mwenyekiti alisema swali si hilo. Ndugu Gaspar alisema haendelei.

Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba Atija Sumail hana kosa. Jina lake litolewe katika orodha ya wachukuzi na neno “hujuma” lifutwe katika taarifa ya tarehe 10. Katibu alilifuta hapo hapo.

Ndugu Assane alisema angependa kusikia neno la ziada kutoka kwa aliyeshitaki. Ndugu Gaspar alikwenda kwenye kitanda, akachutama. Alichosema hakikusikika na kikao. Atija alijibu kwa sauti, “Nenda ukae, mwanangu. Uliachwa na masanduku porini, ungemlaumu nani?”

KUMB. NA. 7/15-7/71: KUMVUSHA ATIJA

Ndugu Sebastião alipendekeza Atija avushwe kwenda hospitali. Kwa machila, watu wanne, ni siku moja na nusu mpaka mtoni.

Ndugu Gaspar alisema, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba wabebaji wanne wa machila ni mizigo minne inayobaki, na hataki kulisema lakini kazi yake ndiyo hiyo.

Ndugu Assane alisema atamvusha mwenyewe, hata kesho. Mwenyekiti alimuuliza boti za Wareno ni ngapi. Alijibu kwamba ni mbili, na juzi walizama watu sita wa mtumbwi wa kivuko cha chini. Mwenyekiti alisema manahodha waliobaki ni wawili, Assane na mwingine, na akipotea mmoja, ghala hili halina mlango.

Kura zilipigwa. Waliotaka avushwe sasa: Ndugu Assane na Ndugu Sebastião. Waliotaka angoje mto ufunguke: Mwenyekiti, Ndugu Gaspar na Katibu. Iliamuliwa angoje.

Atija aliuliza mto utafunguka lini. 

KUMB. NA. 8/15-7/71: WENGINE WALIO HATARINI

Ndugu Sebastião alieleza kwamba baada ya kumpima Atija alianza kujiuliza kuhusu wengine. Kwa siku tatu aliwaita wachukuzi mmoja mmoja na kuwauliza, na leo asubuhi aliongeza jina moja. Wapo saba ambao, kwa maoni yake, mifupa yao si ya kuaminika. Hakusema imekwisha kuharibika. Alisema iko njiani, na mzigo wa kichwani unaiharakisha siku ya kuvunjika.

Wanne ni vijana, chini ya miaka thelathini, waliokonda kwa njaa na safari mpaka hedhi ikakatika mwaka na zaidi. Wenyewe walifurahi, wakaona wamepumzishwa. Kumbe kile kinacholeta hedhi ndicho pia kinacholinda mfupa wa mwanamke. Wawili wanaharisha tangu mvua za mwaka jana. Chakula kinapita, na kilichomo ndani yake cha kujenga mfupa kinapita nacho.

Mwenyekiti aliuliza wa saba.

Ndugu Sebastião alisema wa saba ana rovu changa, uvimbe wa tezi, shingoni. Anatetemeka, anatoka jasho kwenye baridi, moyo unakwenda mbio, anakula na bado anakonda. Rovu ya namna hiyo huusukuma mwili wote kwa haraka, na mfupa nao hubomolewa kwa haraka kuliko unavyojengwa. Dawa yake iko ng’ambo.

Ndugu Gaspar aliuliza, “Nani?”

Ndugu Sebastião alisema, “Benvinda.”

“Benvinda yupi?”

“Wako, kaka.”

Ndugu Gaspar alisema kwamba mke wake anatetemeka tangu mwezi wa Desemba. Alidhani ni hofu. Alisema alimgombeza kwa sababu hiyo, zaidi ya mara moja, kwamba mke wa mkuu wa uchukuzi akionekana na hofu wengine watafanyaje. 

Ndugu Sebastião alipendekeza wote saba wasibebe. Mwenyekiti alihesabu. Mizigo ni thelathini, wachukuzi bila Atija ni thelathini. Wakitolewa saba, mizigo saba inabaki. Alisema, “Nikiandika kwa walio mbele kwamba mizigo saba imebaki kwa sababu wanawake saba huenda siku moja wakavunjika, watanielewa. Ni watu waelewa. Lakini watapiga kwa nini?”

 

Katibu alijitolea kubeba mzigo mmoja. Mwenyekiti naye alijitolea, ingawa bega lake la kushoto lina chuma. Ndugu Gaspar hutangulia na bunduki na hawezi kubeba. Ndugu Sebastião hawezi kuacha wagonjwa, wala Ndugu Assane mtumbwi. Kwa hiyo mizigo miwili ilipata vichwa, na hiyo ni sawa na kuwapunguzia wanne nusu kwa nusu. Watatu watabaki na mzigo mzima.

Mwenyekiti alimuuliza Ndugu Gaspar, kwa kuwa ndiye mpangaji, watatu hao ni akina nani. Ndugu Gaspar alisema hawezi kupanga. Mwenyekiti alisema lazima apange. Alisema hawezi.

Benvinda, ambaye alikuwa nje ya ukuta wa makuti na alisikia, aliingia bila kuitwa. Mwenyekiti alimruhusu kusema. Alisema, “Niandikeni mimi katika hao watatu. Mkinipunguzia mimi, watu watasema mke wa Gaspar ana ugonjwa, mwenzake wa Quionga alikuwa na hila. Wale wasichana bado hawajazaa. Wapeni nusu.”

Ndugu Sebastião alimwambia kwamba rovu haijali maneno ya watu. Benvinda alisema anajua. Alisema anaulizwa kuhusu Jumamosi tu.

Iliamuliwa kwamba vijana wanne wabebe nusu, na wale wawili wa kuharisha pamoja na Benvinda wabebe mzima. Mwenyekiti alimuuliza Ndugu Gaspar kama ana pingamizi. Ndugu Gaspar alitikisa kichwa. Katibu aliuliza aandike nini, kwa kuwa kichwa hakiandikiki. Ndugu Gaspar alisema, “Andika hakuna.”

Iliamuliwa pia kwamba kuanzia sasa kila mchukuzi mpya aulizwe kabla ya kupewa mzigo: kama anatumia dawa kila siku na tangu lini, kama hedhi imekatika, kama anaharisha kwa muda mrefu, kama ana rovu, kama amewahi kuvunjika kwa jambo dogo. Ndugu Sebastião alishukuru. Alisema maswali hayo hayabebi kitu.

KUMB. NA. 9/15-7/71: KUFUNGA

Lilipokosekana la kuongeza ambalo lingemsaidia mtu, Mwenyekiti alifunga kikao saa nane na robo mchana, na wajumbe wakaenda ghalani kugawa masanduku ya wale wanne.

KUTHIBITISHWA

Kumbukumbu hizi zilisomwa Alhamisi, tarehe 5 Agosti 1971, mbele ya wajumbe wote watano waliohudhuria, zikakubaliwa bila masahihisho. Yaliyotokea tangu hapo yaliandikwa chini yake kwa agizo la Mwenyekiti.

Msafara wa tarehe 17 Julai ulifika wote. Wakati wa kurudi, mmoja wa vijana wanne, Joana, akiwa hana mzigo wowote, aliteleza kwenye jiwe, akajishika, na kifundo cha mkono kikavunjika. Ana umri wa miaka ishirini na mitatu.

Ndugu Sebastião alimpunguzia Atija vidonge vya kila siku kuwa nusu ya kawaida, kisha robo, vikafika mpaka tarehe 31. Mto haukufunguka. Atija alifariki Jumanne tarehe 3 Agosti asubuhi, kwa kukosa pumzi, akiwa ameketishwa na kuegemezwa kifua cha Ndugu Assane. Alizikwa siku hiyo hiyo, Ndugu Assane akasoma Yasini. Ndugu Gaspar alichimba.

Ndugu Gaspar aliomba aondolewe kazi ya kupanga mizigo. Hakuna wa kumrithi, na ombi halikupita.

Benvinda alirudi salama. Amepungua tena. Barua nyingine imekuja kutoka mbele, na msafara ni Jumamosi tarehe 7. Amepangiwa sanduku zima.

(Sahihi) Zacarias Nkunda, Mwenyekiti

(Sahihi) Josefina Lipande, Katibu